Damu ya Dereva: Nani Mwenye Haki ya Kuichukua?

Kilevi kikishaingia katika damu ya mwanadamu hakikai humo daima. Ini hukiondoa kwa mwendo wake lenyewe, na mwendo huo hauharakishwi kwa kahawa chungu, wala kwa maji baridi ya kichwani, wala kwa usingizi wa nusu saa ndani ya gari. Kwa watu wengi hupungua miligramu 10 hadi 20 katika kila mililita 100 za damu kwa saa moja, na wapimaji wengi hupiga hesabu zao kwa 15. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeweka kikomo cha miligramu 80. Basi dereva mwenye miligramu 120 wakati wa ajali, akicheleweshwa saa tatu kabla ya kutolewa damu, atakutwa na 75 au karibu na hapo, na karatasi ya maabara itasema kwamba hakuvuka kikomo.

Hesabu hiyo ndogo ina uzito wake kwa mtu aishiye Ngana. Tuchukulie kisa kama hiki, ambacho hatumtaji mtu ndani yake kwa kuwa ni cha mfano tu. Kijana wa bodaboda amempakia mama mmoja kutoka sokoni saa mbili usiku. Gari linawagonga kwa nyuma na kuingia mtaroni. Watu wanakuja na tochi za simu, na wote wanaomkaribia dereva wa gari wanasema ananuka pombe. Mama amevunjika mguu, kijana hana fahamu, na dereva naye amejipasua kichwa. Mpaka usafiri upatikane, mpaka majeruhi wapokelewe katika hospitali ya wilaya mjini Kyela, mpaka askari wa usalama barabarani afike na kuandika fomu namba tatu ya polisi, ile ambayo sote twaiita PF3, saa tatu au nne zimekwisha kupita. Wakati huo dereva amekwisha kupata nguvu za kusema kwamba hakuonja kitu, na kwamba hataki sindano.

Afanye nini askari? Na afanye nini tabibu aliyeshika sindano?

Tumeona tulitazame swali hili katika kurasa hizi za familia, kwa sababu latukuta sote tukiwa katika nafasi mbalimbali. Leo ni mke wa yule kijana wa bodaboda anayetaka haki ya mumewe. Kesho ni mwanao, dereva ambaye hajapata kugusa kilevi maisha yake yote, amesimamishwa usiku na kuambiwa kwamba anayumba. Na wengine wetu ni wauguzi, matabibu na askari, ambao mikono yao ndiyo hufanya kazi yenyewe.

Neno lililozoeleka ni hati ya upekuzi. Wengi wetu tumeisikia kuhusu nyumba: askari wanafika mlangoni, mwenyekiti wa kitongoji anaitwa awe shahidi, vitu vinaandikwa, na mwenye nyumba anatia saini. Mamlaka hayo yatoka katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, na wengi watashangaa kusikia kwamba, kwa namna sheria hiyo ilivyotungwa, upekuzi wa nyumba haukulazimu kupita kwa hakimu. Mkuu wa kituo cha polisi akiridhika kuwa zipo sababu za msingi, aliweza kupekua mwenyewe au kumwandikia hati askari aliye chini yake. Lakini tusome vitu vilivyotajwa humo: jengo, chombo cha majini, gari, sanduku, kifaa cha kuhifadhia vitu, mahali. Mwili wa mwanadamu haumo. Mishipa ya damu si sanduku wala chombo cha kuwekea vitu, na mkuu wa kituo hawezi kuandika hati ya kuifungua kama afunguavyo kabati.

Kwa mwili, sheria hiyohiyo ilitenga mlango mwingine. Hakimu, akiombwa na polisi, aweza kumwagiza tabibu amchunguze mtu aliye chini ya ulinzi halali, au achukue sampuli kutoka mwilini mwake na kuipima, iwapo hakimu ana sababu za msingi za kuamini kwamba uchunguzi huo utatoa ushahidi kuhusu kosa linalotuhumiwa. Watu watatu wanahitajika katika mlango huo: askari mwenye kuomba, hakimu mwenye kupima ombi, na tabibu mwenye kutenda. Hakuna hata mmoja wao awezaye kuyafanya yote matatu peke yake, na twaona kwamba mgawanyo huo ndio unaomlinda mtuhumiwa. Juu yake iko Katiba ya mwaka 1977, ambayo katika ibara ya 16 inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa nafsi yake na maisha yake ya faragha, na katika ibara ya 13 inakataza mtuhumiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika.

Wako watakaotuuliza kwa nini gazeti la Waislamu lihangaike na faragha ya mlevi. Pombe ni haramu kwa nassi ya Qur'an, mwenye kuinywa na kisha kushika usukani amekusanya maovu mawili, basi na atolewe damu hata kwa kufungwa kamba. Tumewasikia wenye kusema hivyo, na uchungu wao twauelewa, hasa kwa aliyekwisha kuzika. Lakini vitabu vyetu havikwenda upesi namna hiyo.

Imam Ghazali katika Ihya amesimulia juu ya Sayyidna Umar bin Khattab, radhi za Allah ziwe juu yake, alivyokuwa akizunguka Madina usiku akasikia sauti ya mtu akiimba nyumbani mwake. Akaupanda ukuta, akamkuta mtu huyo na mwanamke na pombe. Akamkemea. Yule mtu akamjibu kwamba ikiwa yeye amemwasi Mungu kwa jambo moja, Amirul Muuminina amemwasi kwa matatu: amepeleleza, na Mungu amekataza kupelelezana, ameingia kwa kupanda ukuta, na Mungu ameamrisha nyumba ziingiwe kwa milango yake, na ameingia bila idhini wala salamu. Umar hakumpiga. Alimwuliza kama atatengenea akisamehewa, akamwacha. Makatazo ya kupelelezana yamo katika Sura ya 49, aya ya 12, na wanazuoni wamekitumia kisa hiki kwa karne nyingi kuonyesha kwamba ubaya wa kitendo cha ndani haumpi mwenye mamlaka ruhusa ya kuvunja ukuta.

Hata hivyo, Ghazali huyohuyo alipofika katika mlango wa kukataza maovu alitofautisha lililositiriwa na lililojitokeza. Kelele za walevi zikisikika hadi njiani, jambo hilo si siri tena. Nasi twasema kwamba mtu aliyelitoa gari lake barabarani, katikati ya watoto watokao madrasa na kina mama wabebao ndizi, amekwisha kutoka nyuma ya ukuta wake. Gari lake lina haki ya kusimamishwa, na pumzi yake ina haki ya kupimwa. Ila damu bado imo ndani ya mwili, na Mtume, rehema na amani zimshukie, katika hotuba ya kuaga alitangaza kuwa damu za watu, mali zao na heshima zao ni vitu vitukufu visivyoguswa pasipo haki.

Suala la pumzi nalo si geni. Bukhari amepokea habari ya Ibn Mas'ud akiwa Hims, alipokuwa akisoma Sura Yusuf, mtu mmoja akampinga, na Ibn Mas'ud akasikia kutoka kwake harufu ya pombe, akamwadhibu. Kwa habari hiyo na nyinginezo, Imam Malik aliona kuwa harufu ikishuhudiwa na waadilifu wawili yatosha. Abu Hanifa na Imam Shafi, ambaye ndiye tumfuataye wengi wetu katika nchi hii, hawakukubali: huenda mtu alisukutua tu, huenda alilazimishwa, huenda ni kitu kingine chenye harufu kama hiyo, na adhabu ya haddi huondolewa penye shaka. Ndugu msomaji atambue kwamba makosa ya barabarani ya Tanzania si haddi, wala hatusemi hakimu wa Kyela ahukumu kwa Umm ya Imam Shafi. Twasema tu kwamba mzozo wa kuthibitisha ulevi kwa kinachotoka kinywani ulijadiliwa na watu makini zaidi ya miaka elfu moja kabla ya kutengenezwa kipima ulevi cha kwanza, na waliohitaji ushahidi wenye nguvu kuliko harufu hawakuwa watetezi wa walevi.

Majirani zetu wa Kenya walilipata somo lao mahakamani. Mwaka 2011 zilitungwa kanuni za kipima pumzi, ambacho wananchi walikiita Alcoblow, zikaweka kikomo cha mikrogramu 35 katika mililita 100 za pumzi. Miaka kadhaa watu walikamatwa usiku na kufikishwa mahakamani asubuhi. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ikaona kwamba kanuni hizo hazikuoana na Sheria ya Trafiki yenyewe, ambayo ilizungumzia mtu asiyeweza kulimudu gari kwa sababu ya kilevi, si mtu aliyefikisha namba fulani. Kifaa kilikuwa kizima. Kilichokosekana ni msingi wa sheria chini yake. Twakumbusha hilo kwa sababu liko pupa miongoni mwetu ya kufikiri kwamba mashine ikinunuliwa kazi imekwisha.

Marekani ndiko swali la hati ya damu lilikozungushwa zaidi. Usiku wa tarehe 3 Oktoba 2010, saa nane na dakika chache, askari wa Missouri alimsimamisha dereva aliyekuwa akikimbiza gari na kuvuka mstari wa kati. Dereva alikataa kupulizia kifaa. Askari akampeleka hospitali, na dakika 27 tu baada ya kusimamishwa damu ilichukuliwa bila ridhaa yake wala hati ya hakimu. Kipimo kilileta miligramu 154, karibu mara mbili ya kikomo. Hapakuwa na shaka yoyote kwamba alikuwa amelewa. Hata hivyo, tarehe 17 Aprili 2013, katika shauri la Missouri dhidi ya McNeely, Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba kupungua kwa kilevi katika damu, peke yake, si dharura ya kumruhusu askari kumruka hakimu katika kila shauri. Majaji walikumbusha kwamba simu zipo, na kwamba katika majimbo mengi askari aweza kumpigia hakimu usiku na kupata hati bila kuondoka alipo.

Na tuirudie hesabu yetu ya mwanzo. Mtu mwenye miligramu 154 angehitaji takriban saa tano ili ashuke hadi 80. Askari wa Missouri alikuwa na muda wa kupiga simu, kungoja, na hata kunywa chai.

Mwaka 2016 mahakama hiyohiyo ikatenganisha pumzi na damu: pumzi ya dereva aliyekamatwa kwa ulevi yaweza kupimwa bila hati, lakini damu haiwezi, kwa kuwa sindano huingia mwilini, na kwa kuwa sampuli ikibaki maabara inaweza kusoma mengi kuliko ulevi: maradhi, nasaba, mimba. Mwaka 2019 ikaongeza kwamba dereva aliyepoteza fahamu huweza kwa kawaida kutolewa damu bila hati. Hapo mwisho twatofautiana nao, na sababu yetu tutaieleza.

Kabla ya hapo, kisa cha muuguzi. Mwezi Julai 2017, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Utah, aliletwa dereva wa lori aliyeungua vibaya na kupoteza fahamu. Hakutuhumiwa kosa, aligongwa na gari lililokuwa likikimbizwa na polisi. Askari mpelelezi alifika akataka damu yake. Muuguzi wa zamu, Alex Wubbels, akamwonyesha utaratibu ambao hospitali na polisi walikuwa wamekubaliana: ama mgonjwa aridhie, ama awe amekamatwa, ama iletwe hati. Hakuna hata kimoja kilichokuwapo. Askari akamtia pingu muuguzi na kumburura nje akipiga kelele. Picha zake zilipotolewa hadharani ulimwengu ulishtuka. Mpelelezi alifukuzwa kazi, na muuguzi akalipwa fidia ya dola 500,000. Tunalolitaka katika kisa hicho si dola, bali ile karatasi aliyoishika mkononi. Muuguzi wa zamu ya usiku katika hospitali ya wilaya, msichana wa miaka 24 labda, mbele ya askari mwenye cheo na ndugu wa majeruhi waliojaa kwenye baraza, hana karatasi kama ile ukutani pake. Apewe.

Tukirudi kwa asiye na fahamu, Waingereza, ambao kwa sheria yao ya mwaka 1967 waliweka kikomo hichohicho cha miligramu 80, walipata njia ambayo sisi twaiona karibu zaidi na uadilifu. Tangu mwaka 2002 sheria yao yaruhusu tabibu asiyemtibu mgonjwa huyo amtoe damu dereva aliyezimia baada ya ajali, ili ushahidi usipotee. Lakini chupa hufungwa na kuwekwa. Haipimwi hata siku moja mpaka mwenye damu azinduke na kuulizwa kama aridhia ipimwe. Akikataa bila sababu ya maana, kukataa kwenyewe ni kosa na anashtakiwa kwalo. Tena, kwa mgonjwa aliye hospitalini, tabibu anayemhudumia huarifiwa kwanza, na akisema kwamba kipimo kitamdhuru mgonjwa, askari hungoja. Saa za ini zimesimamishwa ndani ya chupa, na mtu hakunyang'anywa kauli yake. Dereva wetu wa Ngana, lau angekuwa ndiye aliyezimia, angetendewa haki kwa utaratibu huo, na mama aliyevunjika mguu naye vilevile.

Sasa tumgeukie yule ambaye hunyamaziwa katika mjadala huu, dereva asiyekunywa.

Mtu mwenye kisukari ambaye sukari yake imeshuka ghafla hutokwa jasho, huyumba, ulimi huwa mzito, hujibu mambo yasiyoulizwa, na pengine huwa mkali. Kila dalili hapo ni dalili ya mlevi. Katika mwezi wa Ramadhani, dereva wa namna hiyo akiwa amefunga bila ushauri wa daktari, aweza kusimamishwa alasiri katika mteremko wa kutoka Tukuyu na kutupwa mahabusu hadi asubuhi, ambapo alichohitaji ni sukari na tabibu. Kwake yeye tone la damu ni rehema: kipimo cha sukari kitamwokoa maisha, na kipimo cha kilevi kitamwokoa heshima. Wala asiogope kuhusu saumu yake. Kutolewa damu kidogo kwa kipimo hakufunguzi kwa madhehebu ya Shafi.

Lakini damu hiyo ichukuliwe kama inavyopasa. Ngozi ya mkono kwa kawaida hupanguswa kwa spiriti kabla ya sindano, na spiriti ni kilevi chenyewe. Sampuli ya kupima ulevi yatakiwa ipanguswe kwa dawa nyingine isiyo na kilevi, ili asitokee mtu wa kusema kwamba kilichopimwa kilitoka kwenye pamba. Chupa nayo si ile ya vipimo vya malaria. Hutiwa chumvi ya floridi ya kuzuia vijidudu, na hutunzwa kwa baridi, kwa maana damu isiyohifadhiwa ikiachwa katika joto huweza kuchachuka na kutengeneza kilevi ndani ya chupa, kama juisi ya nanasi iliyosahauliwa mezani. Kyela si Njombe. Joto la ufukwe wa Ziwa Nyasa, mita zisizofika 500 juu ya usawa wa bahari, halimwonei haya mtu aliyeacha chupa juu ya meza ya kituo cha polisi kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu.

Kwa upande wa pumzi, dawa za kusukutua na baadhi ya dawa za kikohozi zina kilevi ambacho hubaki kinywani kwa dakika chache. Ndiyo maana mpimaji mzuri humngojesha dereva dakika 15 kabla ya kumpulizisha. Mwenye kuambiwa apulizie papo hapo baada ya kumeza dawa aseme kwa adabu kwamba ameinywa sasa hivi, na aombe kungojewa. Na ikiwa mtuhumiwa ni mwanamke, hapana ubaya wowote kuomba muuguzi wa kike.

Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi ya Nyanda za Juu Kusini jijini Mbeya, zaidi ya kilomita 100 kutoka Kyela, juu ya milima. Chupa inaposafiri huko hupita mikononi mwa watu: tabibu, askari, mtunza vielelezo, dereva, mpokeaji. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika Rufaa ya Jinai Namba 110 ya mwaka 2007, iliweka msimamo ambao tangu hapo hunukuliwa karibu kila wiki mahakamani, kwamba safari ya kielelezo tangu kilipokamatwa hadi kilipotolewa mahakamani iwe imeandikwa, hatua kwa hatua, nani alimpa nani na lini. Mawakili hushinda mashauri kwa pengo la siku moja katika maandishi hayo. Familia ya aliyegongwa hulia kwamba mahakama imemwachia mlevi. Mara nyingine ukweli ni kwamba mahakama haikuonyeshwa chupa ilikolala Jumamosi usiku.

Ngana ina jambo jingine la kulichunga. Wilaya hii inapakana na Malawi, na barabara kuu iteremkayo kutoka Mbeya huishia kwenye daraja la Mto Songwe pale Kasumulu, ambapo malori na mabasi huvuka kila siku. Dereva wa ng'ambo aliyeachiwa usiku kwa sababu hakimu hakupatikana hahitaji kusafiri mbali. Ushahidi umeyeyuka katika damu yake, naye mwenyewe amevuka daraja. Upande wetu wa mto, pombe ya kienyeji ya kimpumu haijapata kukosa wanywaji, na tangu viroba vya plastiki vilipopigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017 wanywaji wamehamia chupa ndogo tu. Hatutarajii kuwa idadi ya madereva walevi itapungua kwa kungojea.

Kwa hiyo ombi letu kwa wenye mamlaka ni la namna mbili, na halihitaji sheria mpya kubwa. Kwanza ni hakimu wa zamu. Sheria ilimpa hakimu uwezo wa kuagiza sampuli, lakini haikumweka macho saa sita ya usiku. Mahakama ya Tanzania imekwisha kusikiliza mashauri kwa njia ya video, wakili akiwa mji mmoja na mshtakiwa gerezani mji mwingine. Itashindikana vipi kuwa na hakimu mmoja wa zamu katika mkoa mzima wa Mbeya, mwenye simu inayojulikana na kila mkuu wa kituo, anayeweza kumsikiliza askari chini ya kiapo, akamwuliza ameona nini hasa, akaandika amri au akaikataa, na nakala ikafika hospitalini kwa simu hiyohiyo? Askari akijua kwamba ataulizwa, atatazama vizuri zaidi kabla ya kuomba. Twaongeza kwamba hakimu huyo awe na uhuru wa kukataa, na kukataa kwake kuandikwe, kwa sababu hakimu ambaye hajapata kukataa ombi hata moja ni karani.

Pili ni sanduku. Liwepo katika kila hospitali ya wilaya sanduku dogo lililofungwa, lenye sindano, dawa ya kupangusa isiyo spiriti, chupa mbili za floridi, lakiri, na fomu ya makabidhiano. Chupa ya pili twaitaja kwa makusudi. Uingereza mtuhumiwa akiomba hupewa sehemu ya damu yake aipeleke mwenyewe kwa mpimaji anayemwamini. Yule mwanao asiyekunywa, akiwa na chupa ya pili, hana sababu ya kuogopa kosa la maabara wala chuki ya mtu.

Nasi wenyewe majumbani tuna letu. Ndugu wa majeruhi wanapofika hospitali, mmoja wao asiyelia aachiwe kazi ya kuuliza na kuandika: dereva alifikishwa saa ngapi, amepimwa pumzi au hakupimwa, damu imechukuliwa saa ngapi na nani, kabla au baada ya kuwekewa dripu na kuongezewa damu, na chupa amekabidhiwa nani. Majibu hayo yaandikwe kwenye daftari, si kwenye kumbukumbu. Ndugu wa dereva wafanye vivyo hivyo upande wao wa baraza. Askari atakayekasirishwa na maswali hayo akumbushwe kwa upole kwamba hayo ndiyo atakayoulizwa yeye kizimbani, miezi minane baadaye, na wakili ambaye hatakuwa mpole.

Kama dereva atasema kwamba haridhii sindano, asishikwe na watu wanne kitandani. Aulizwe mara ya pili mbele ya tabibu, jibu lake liandikwe pamoja na saa, kisha askari atoke nje akapige simu kwa hakimu.